Wali upo, kitoweo kimeondoka

Swali lililonifikia ni hili:

"Shikamoo mama. Naishi upande wa mashariki wa Wilaya ya Micheweni, Pemba, nina watoto wanne. Mwaka juzi maji ya bahari yalivuka tuta yakaingia bonde letu la mpunga, na tangu hapo mpunga ukiota unababuka. Masika iliyopita nyumba ikaingia maji, unga na mbegu zikaharibika. Tulisaidiwa mchele, unga wa ngano, mafuta na sukari, tunashukuru, hatukulala na njaa. Lakini watoto wanadhoofu. Huyu wa mwaka na nusu amekonda na nywele zinageuka nyekundu. Dada yake wa miaka 6 amepauka, akenda skuli anarudi hoi. Duka la dawa nimeambiwa ninunue dawa ya kuongeza damu niwape wote. Baba yao yuko dago, kambi ya wavuvi. Mimi nalima mwani, na maji yakijaa nabanja kokoto. Sasa kamati ya shehia inatuuliza kinamama, msaada ukija tena tuombe nini? Chakula tumekula, mbona watoto hawanawiri?"

Marahaba mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo lililobeba yote, lakini litangoja kidogo. Kwanza huyo wa mwaka na nusu.

Mkalishe. Weka vidole gumba vyako juu ya miguu yake, mmoja kila mguu, nyuma ya vidole vyake. Bonyeza, hesabu mpaka tatu taratibu, achia. Pakibaki kishimo miguu yote miwili, usingoje siku ya kliniki, mpeleke leo. Nywele nyekundu peke yake hazinitishi sana. Mtoto wa pwani anayeshindia jua na maji ya chumvi hugeuka nywele na yu mzima. Nywele nyekundu pamoja na miguu iliyovimba, ngozi inayobambuka, au mtoto aliyekuwa mcheshi sasa hataki kitu ila kulia, hiyo ni habari nyengine kabisa.

Miguu ikiwa salama, bado mpeleke akapimwe mkono. Kituo cha afya kina mkanda wa rangi, na wahudumu wa afya wengi wa shehia wanao pia. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegezwa. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, hatari iko mlangoni. Akiwa nyekundu lakini ana hamu ya kula na hana homa, atatibiwa akilala nyumbani, kwa pakiti za chakula dawa cha karanga. Akikataa kula, akitapika, akiwa na homa au amelegea, huyo ni wa kulazwa.

Pakiti zile ni dawa ya mtoto mmoja. Najua ilivyo nyumbani, mmoja analamba na watatu wanamtazama, na mama ana moyo. Wape hao watatu kitu chengine, hata kipande cha shelisheli, lakini pakiti usiigawe. Nimeona watoto waliokaa kwenye rangi nyekundu miezi mitatu kwa sababu pakiti iliyokuwa ya mmoja ilikuwa ikiliwa na wanne.

Sasa dawa ya damu. Usiinunue. Nikueleze kwa nini, maana habari yenyewe ilitokea hapahapa kwetu Pemba na Wapemba wenyewe wengi hawaijui.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulifanywa utafiti mkubwa hapa kisiwani, maelfu kwa maelfu ya watoto wadogo, chini ya miaka 3, wakipewa kila siku vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Nia ilikuwa njema: watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu, na chuma ndicho kinachojenga damu. Mwaka 2003 vidonge vile vilisimamishwa kabla ya wakati. Waliopewa chuma walikuwa wakilazwa na kufa zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, hatari hiyo ilitajwa kuwa imezidi kwa asilimia 12. Malaria wakati ule ilikuwa imetapakaa, na chuma kilichomwagwa ovyo katika mwili wenye vimelea kilileta madhara. Lakini ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kikundi kidogo kilichopimwa damu na kutibiwa malaria upesi, na humo wale waliokuwa na upungufu wa kweli walifaidika. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria kwa sababu ya watoto wa Pemba.

Kwa hiyo chuma si sumu, wala duka la dawa halina nia mbaya. Jambo ni kwamba hupimwi dukani. Malaria Zanzibar imepungua mno ukilinganisha na wakati ule, ila baada ya mvua kubwa madimbwi huzaa mbu, na nyumba yako iliingia maji masika iliyopita. Mtoto achomwe kidole kituoni, apimwe damu na malaria, ndipo apewe dawa kwa kipimo chake. Kuwapa wote kwa chupa moja ndiko hasa tulikokatazwa.

Kwa huyo wa miaka 6 anayerudi hoi nina shaka na kitu ambacho wazee walikipa jina kabla ya maabara, safura. Minyoo ile huingia kupitia ngozi ya nyayo, kwenye udongo wenye unyevu ulionajisiwa na choo, na bonde la mpunga baada ya mafuriko ndipo mahali pake. Hukaa utumboni ikinyonya damu kidogokidogo. Dawa za minyoo zinazogawiwa skuli azimeze, asikae nyumbani siku hiyo kwa kuogopa kichefuchefu. Ukiona mkojo wake una rangi ya damu, sema, maana kichocho nacho kipo Pemba. Na muulize kama anakunywa chai pamoja na chakula. Chai ya rangi juu ya wali huzuia chuma kilichomo chakulani kisiingie mwilini; bora ainywe saa moja baadaye. Ndimu au embe pamoja na chakula hufanya kinyume chake, hukisaidia kiingie.

Haya, sasa mbona hawanawiri.

Mlichokula ni wali. Kilichoondoka ni kitoweo, na kiliondoka kimyakimya kwa sababu sufuria ya wali ilikuwa ikijaa kama siku zote. Hivi ndivyo maafa yanavyokula watoto visiwani. Ukifunua sufuria ya wali baada ya mafuriko, kimo kilekile. Ukifunua chungu cha mchuzi, unauona uso wako.

Nakiri kosa langu pia. Miaka iliyopita nilikuwa katika timu iliyogawa chakula kijiji kimoja cha pwani. Tulihesabu magunia, tukatia saini, tukaondoka tumeridhika. Tuliporudi kupima watoto, waliokuwa njano walikuwa bado njano, na wengine wameingia humo. Bibi mmoja akanitazama akasema, "Mmetuletea wali. Cha kutowelea kiko wapi?" Sikuwa na jibu. Kitabuni tulikuwa tumetimiza, maana hesabu ya msaada hufanywa kwa nguvu ya chakula, kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mchele ndio njia rahisi ya kuifikia.

Tupige hesabu hiyo kwa nyumba yako. Ninyi ni watano baba akiwa dago. Kwa kipimo cha gramu 400 kwa mtu, gunia la kilo 50 linakupeleka siku 25. Gramu 400 za mchele zina kalori kama 1,400 hivi. Si haba. Vitamini A ndani yake hakuna, vitamini C hakuna, chuma ni cha kulamba, na protini iliyopo haitoshi kumjenga mtoto anayekua huku anaharisha mara kwa mara. Sukari na unga mweupe wa ngano vinaongeza kalori juu ya kalori. Tumbo linanyamaza, damu inapungua.

Si kwetu tu. Kule Indonesia, mgogoro wa uchumi wa mwaka 1997 na 1998 ulipopandisha bei, watafiti waliokuwa wakifuatilia kaya za Java ya Kati walikuta watu wameshikilia wali wao, wakakata mayai na mboga za majani. Uzito wa watoto kwa mizani ulibaki karibu palepale. Damu yao ndiyo iliyoshuka, na kina mama wakakonda. Mizani peke yake ilikuwa ikisema hakuna tatizo. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule bibi.

Kwako wewe kitoweo kimeondoka kwa milango minne kwa pamoja, nayo uijue, kwa sababu kila mmoja una namna yake ya kuuziba.

Bahari kwanza. Masika na kusi vyombo vidogo havitoki, na mvua ikinyesha dagaa hawakauki, wanaoza juu ya chanja. Mume akiwa dago, samaki anaovua wanaliwa na kuuzwa huko aliko. Wewe unangoja pesa, nazo huja mwisho wa safari. Pesa zikija, zinakwenda mchele kwanza, hata mchele wa mapembe si rahisi siku hizi, na kitoweo kinapata chenji. Na mlango wa nne, ambao sijasikia ukitajwa kikaoni hata siku moja, ni wakati wako. Zamani maji yakitoka mama alikwenda pwani kuokota chaza, kombe na tondo, akirudi ana kitoweo cha siku bila kutoa hata senti. Sasa maji yakitoka uko kwenye kamba za mwani, na yakijaa uko kwenye kokoto. Mwani umewapa wanawake wa visiwa hivi pesa ya mkononi tangu kilimo chake kilipoanza kushika kasi mwaka 1989, na siwezi kukwambia uuache. Lakini mwani hauliwi nyumbani, na saa zake ni zilezile za chaza. Mwani ukifa kwa joto la maji wakati wa kaskazi, umepoteza pesa na chaza hukuokota.

Zaidi ya hapo, wewe unaishi maweni. Watu wa mbali wakisikia Pemba wanaona kisiwa cha kijani, vilima na mikarafuu. Hiyo ni Pemba ya magharibi. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Kisiwa cha karafuu huuza karafuu kikanunua mchele. Mwenye mikarafuu, mwaka mzuri, hesabu inatoka. Nyinyi wa mashariki hamna mikarafuu, mna jiwe na udongo wa viganja viwili juu yake, lakini bei ya mchele mnalipa ileile.

Tufanyeje basi? Naanza na dagaa kwa sababu hakuna chakula kinachowafikia kwa mtoto wa umri huo. Dagaa mzima, na kichwa chake na mifupa yake, ana chuma, zinki na chokaa ya mifupa ambavyo kipande cha chewa hakina kwa kiasi hicho. Inaniuma kuona magunia ya dagaa wa visiwani yakipakiwa kwenda Kongo huku watoto wa madikoni, palepale samaki wanaposhushwa, wana rangi ya njano kwenye mkanda. Mfanyabiashara hana kosa, mnunuzi amekuja na pesa. Nunueni na nyinyi, ila kwa wakati wake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka hakuna dagaa na bei inapanda. Giza la kaskazi, jua kali, ndilo la kuweka akiba. Kina mama watano au kumi wakichanga, wananunua ndoo kadhaa dikoni kwa bei ya jumla. Kaushieni juu ya chanja, si mchangani, mchanga unaharibu meno na unaleta uchafu. Dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo wa mtoto waoshe maji matamu mara mbili, waanike tena, watwange kinuni, uchekeche. Unga huo ukiwekwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko, unavuka masika. Kijiko kimoja cha chakula kwenye uji wa mtoto, mara mbili kwa siku. Harufu mtoto anaizoea kwa siku tatu. Anayelalamika ni mama.

Na uji wenyewe uwe mzito. Tumbo la mtoto huyo hujaa kwa kikombe kimoja cha chai. Ukimjaza uji wa maji, ameshiba maji. Uji mzuri hukaa kijikoni ukikiinamisha. Utie tui zito au karanga zilizopondwa, maana mafuta huongeza nguvu bila kujaza nafasi, na vitamini A ya majani na viazi haiingii mwilini bila mafuta. Ale mara tatu au nne, na katikati ale embe, ndizi au papai. Ziwa usimwachishe kabla ya miaka 2, na akivuka hiyo akiwa bado analitaka, muache. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kila siku, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Matone ya vitamini A yanatolewa kila miezi sita kuanzia miezi 6 ya umri. Angalia kadi yake, ukikuta tundu sema palepale.

Kitoweo cha pili kinaota juu ya jiwe lako. Kunde, mbaazi na choroko hazidai maji mengi, na udongo wa uwandani, huo wenu wa mawe, zinauvumilia. Kunde nazipenda zaidi kwa mwaka wa taabu: wiki chache tu unakula majani, halafu unakula mbichi, halafu unavuna kavu. Mbaazi za nazi hakuna asiyezijua. Kuhifadhi ndiko kunakotushinda, wadudu bungua wanazimaliza. Zikauke mpaka ukiuma jino linagonga, kisha zijaze dumu lililokauka mpaka shingoni, ulifunge pasiingie hewa. Mbegu za mwakani ziweke dumu lake mbali, na lining'inie juu ya kimo cha maji yalikofika masika iliyopita. Chora alama ukutani, usitegemee kumbukumbu.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, nina neno moja tu juu yake: kinachopotea ni mapando. Kaskazi ikikausha shamba, mbegu imekwenda. Weka kitalu kidogo pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, matembele yake utachuma mboga mwaka mzima, na masika ikikaribia una mapando yako bila kwenda kuomba.

Muhogo nauweka peke yake kwa sababu ndio mkombozi wa nyumba maskini na ndio unaoweza kuua ukiharakishwa. Kwanza ubora. Kuna ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao majani yanaweza kukuonyesha mti mzima na ukichimba unakuta mizizi imeoza kavu ndani, rangi ya tumbaku. Mwaka 2007 zilitolewa Zanzibar mbegu nne zinazoustahimili vizuri zaidi, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Muulize bwana shamba vijiti, usichukue vya jirani kwa kuwa viko karibu.

Pili, muhogo hauvumilii kusimama majini. Siku chache tu unaoza, na hapo watu huchimba kila kilichopo, mtamu na mchungu, wapike haraka. Mwaka 1981 kaskazini mwa Msumbiji ukame ulileta njaa, watu wakawa wanakula muhogo mchungu usiokaushwa vya kutosha na hawana kitoweo. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto na wanawake, waliamka miguu imekakamaa, wasitembee sawasawa tena maisha yao. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Sumu ya muhogo mwili huweza kuiondoa kwa msaada wa protini. Asiye na dagaa wala kunde hana cha kuiondolea. Hapo ndipo unaponiona narudi kwenye kitoweo tena. Kwa hiyo muhogo mchungu: menya, loweka siku tatu mpaka ulainike, umwage maji, katakata, anika makopa mpaka yavunjike kwa mlio, ndipo utwange unga wa bada. Mvua inanyesha na huwezi kuanika? Kula mtamu pekee, mchungu uache ardhini kama ardhi haijatuama maji, au uloweke usubiri jua. Na ndiga, kile kiazi cha mwituni chenye sumu, wazee wanajua kuitoa ukali wake kwa kuikata vipande na kuiloweka siku nyingi ikibadilishwa maji. Kama hukufundishwa kwa mikono, usijaribu kwa kusikia.

Bonde lenye chumvi ni kazi ya bwana shamba zaidi kuliko yangu, ila usipoteze mbegu nzuri kwa haraka. Tuta likishazibwa na mikoko ikirudishwa mbele yake, chumvi huoshwa na mvua, na inahitaji maji matamu kupita na kutoka, siyo kutuama. Mvua za mwanzo ziachie zioshe. Juu ya bonde, ardhi ya kavu, kuna mpunga wa Nerika unaotegemea mvua tu na kuiva mapema. Uliza kama mbegu imefika wilayani kwenu.

Sasa kamati. Nenda kikaoni na haya, na uwasomee.

Semeni msaada ukija, sehemu ya sukari na unga wa ngano igeuzwe kuwa dagaa au kunde. Kwa uzito uleule. Msikubali kuambiwa dagaa wananuka ghalani, wananuka, ndiyo. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kuwa yameongezwa vitamini A. Chumvi iwe yenye madini joto, na hapa nina neno. Sisi watu wa bahari hujiona tuna madini joto ya kutosha kwa kula samaki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta rovu, uvimbe wa shingo, kwa watoto wa skuli wa Pemba, zaidi kuliko Unguja, na chumvi yenye madini joto wakati ule ilikuwa karibu haimo majumbani Pemba, kwa sababu tulikuwa tukila chumvi ya mashamba yetu wenyewe, nzuri kwa ladha, haina kitu hicho. Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea mtu akileta, mrudishie kwa adabu. Maji yakiwa yamechafuka, chupa ile ni kipindupindu na kuharisha mkononi mwa mtoto.

Kisha orodha. Nani anaandikwa? Mara nyingi anaandikwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko dago, kwa hiyo wewe hupo. Wanaobanja kokoto wanaohama na machimbo, mjane anayeishi kwa kaka yake, mlemavu wa ndani, mke wa pili aliye upande wa pili wa kijiji, nao huachwa vivyo hivyo. Dai orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu, na iwe ya wapikaji, nani anapika chungu chake. Mpikaji mmoja, jina moja. Kama kwenu kuna mzee wa miaka 70 na kuendelea, hakikisheni anapata Pencheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na kupandishwa baadaye. Pesa ile ndiyo dagaa wa wajukuu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini nao uulizeni kwa sheha.

Mkijibiwa kwamba mnachopewa ni hisani na mshukuru, jibuni kwa upole kwamba Zanzibar ina Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe, namba 5 ya mwaka 2011, inayokitambua chakula kuwa haki ya mtu. Lishe imo katika jina lake. Na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar inapotathmini hasara baada ya mafuriko, waombeni wahesabu pia kuku waliokufa, mbegu zilizooza, madumu ya kunde na kamba za mwani, siyo nyumba tu.

Jambo la mwisho la kikaoni, nalo halidai pesa. Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani, wanakijiji wamekuwa wakifunga mwamba wa pweza kwa muda, wakiufungua pweza wanakuwa wakubwa. Waulizeni wavuvi na kina mama wenu kama sehemu moja ya pwani inaweza kufungwa hivyo, na ikifunguliwa siku ya kwanza iwe ya nyumba zenye watoto walio njano na nyekundu kabla ya mnunuzi wa hoteli. Wanaume watabisha. Waache wabishe, halafu ipigwe kura.

Nimeandika mengi, na wewe una kamba za kufunga bamvua hii. Kesho asubuhi fanya mawili tu: kituoni na huyo mdogo, na dada yake umvishe makubadhi akishuka bondeni. Mhudumu akishapima mkono, mwambie aandike sentimita kwenye kadi, si rangi peke yake, kisha uniletee nambari hiyo pamoja na ya mwezi ujao.